Waamuzi wa Kikapu Wazungumzeje Katika Dakika Mbili za Mwisho

Mchezo wa kikapu unaochezeshwa kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huo, hubadilika sura pale saa ya mchezo inapoonyesha 2:00 katika robo ya nne. Kuanzia hapo saa husimama kila kapu linapoingia, timu haiwezi kuchukua zaidi ya taimauti mbili, kocha mwenye haki ya mpira anaweza kuusogeza hadi nusu ya wapinzani baada ya taimauti, na mlinzi anayecheza faulo kabla mpira haujaingizwa uwanjani huadhibiwa kwa namna ya pekee. Waamuzi wengi wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wanazijua kanuni hizi, na wakiulizwa darasani hujibu bila kusita. Kinachoharibu mchezo katika dakika hizo, kwa jinsi ninavyoona, ni mwamuzi mmoja kujua jambo asilolijua mwenzake. Huyu anajua kwamba timu ya njano imefikisha faulo nne, yule anadhani bado ni tatu. Huyu ameonyesha vidole vitatu, yule ameshaiambia meza, yaani watu wanaotunza alama na muda, kwamba kapu lilikuwa la pointi mbili. Mchezo ukifika hapo, hata uamuzi sahihi huonekana kama umebuniwa.

Mwongozo huu unahusu mchezo wenye waamuzi wawili, kwa kuwa ndio tunaokutana nao zaidi huku Nyanda za Juu Kusini, kuanzia mechi za mikoa na za vyuo hadi UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Mashine ya kurudia picha hatuna, na mara nyingi hata saa kubwa ya ukutani hatuna. Kwa hiyo mazungumzo baina ya waamuzi, na baina yao na meza, ndiyo kinga pekee tuliyo nayo. Kanuni ninayoisimamia ni hii: kila kinachohitaji maneno kisemwe wakati mpira umekufa, ili mpira ukiwa hai yabaki macho na mikono tu. Mwamuzi anayempigia mwenzake kelele wakati mtupo uko hewani amechelewa, na anayemwita mezani baada ya honi ya mwisho kumweleza jambo aliloliona dakika moja nyuma amechelewa zaidi.

Kazi ianzie mezani, kabla ya mchezo

Mamlaka ya waamuzi huanza dakika 20 kabla ya muda uliopangwa wa mchezo. Dakika hizo hutumika sana kukagua mipira, nyavu na mistari, mambo ambayo ni ya lazima, lakini watu wa meza husalimiwa kwa haraka na kuachwa. Nakushauri uitumie angalau robo ya muda huo kukaa nao: mtunza alama, msaidizi wake kama yupo, mtunza muda, na mwendesha saa ya sekunde 24, yaani muda ambao timu yenye mpira hupewa kurusha. Waulize kwanza kuhusu vifaa. Je, saa ya mchezo inaonekana na waamuzi, au ni ya mkononi inayoonekana na mtunza muda peke yake? Je, inaonyesha sehemu ya kumi ya sekunde? FIBA inataka saa ionyeshe sehemu hizo katika dakika ya mwisho ya kila robo, na bila hizo huwezi kuitekeleza kanuni ya sekunde 0.3 ambayo nitaieleza baadaye. Kama saa ni ya mkononi, kubalianeni kwamba ikifika 2:00 mtunza muda atasimama na kuinua vidole viwili mpaka waamuzi wote wawili wamwonyeshe dole gumba, na kwamba katika sekunde kumi za mwisho atahesabu kwa sauti akishuka. Dole gumba juu ni ishara rasmi ya mawasiliano kati ya waamuzi na meza, kwa hiyo haina haja ya kubuniwa upya. Inachohitaji ni kutumiwa kila mara, hata pale mambo yanapoonekana wazi.

Sauti ya meza nayo ikaguliwe. Kwenye viwanja vya saruji vya shule nimeona meza ikipewa filimbi kwa sababu honi haipo, na huo ni mtego, kwani wachezaji hawawezi kutofautisha filimbi ya meza na ya mwamuzi, na mwamuzi mwenyewe husimama akidhani mwenzake ameona faulo. Afadhali kengele ya shule, hata ikiwa ni ringi ya gari inayogongwa kwa chuma, kwa sababu hakuna atakayeichanganya na kitu kingine. Ijaribiwe mbele ya makocha wote wawili ili kila mtu aisikie.

Hali ya hewa ya huku ina nafasi yake katika mazungumzo hayo. Mchezo uliopangwa kuanza saa kumi jioni ukichelewa, robo ya nne huangukia kwenye giza, kwa kuwa jua huzama kwenye saa kumi na mbili na nusu hivi, na Tukuyu ukungu unaweza kushuka hata kabla ya hapo. Upepo wa Makambako, kwa upande wake, hubeba sauti ya kengele na kuipeleka upande mmoja wa uwanja. Mwamuzi aliyekubaliana na meza kwamba ishara za mwisho zitatolewa kwa mkono na kwa sauti kwa pamoja hatakwama, kwa sababu kimojawapo kikishindwa kingine kitamfikia.

Lipo jambo moja la adabu ambalo halimo kwenye vitabu vya kanuni na ambalo kwetu lina uzito. Mtunza muda mara nyingi ni mwalimu au mzee aliyetangulia katika mchezo, wakati mwamuzi ni kijana aliyemaliza chuo majuzi. Kijana akishampa shikamoo asubuhi, jioni huona haya kumuuliza mara ya pili, "Mwalimu, zimebaki sekunde ngapi?" akihofia kuonekana hamwamini. Haya hiyo iondolewe mapema, tena kwa maneno: "Shikamoo mwalimu. Dakika za mwisho nitakuwa nakuuliza na kurudia kuuliza, na wewe utanijibu kwa kutaja muda kamili. Naomba usinichoke, ndiyo kazi inavyotaka." Sijaona mzee aliyekataa ombi lililotangulizwa hivyo. Vilevile, mazungumzo yote na meza yawe kwa Kiswahili. Mwamuzi na mtunza alama wakizungumza kwa Kinyakyusa au Kihehe mbele ya timu iliyotoka mkoa mwingine, hata kama wanachosema ni hesabu ya faulo tu, wageni hao wataondoka na shaka ambayo hakuna maelezo yatakayoiondoa.

Maneno ya kusemwa saa inaposimama

Mara ya kwanza saa inaposimama baada ya kuingia dakika mbili za mwisho, waamuzi wakaribiane kwa muda mfupi, hatua chache tu, na wapeane hali ya mchezo. Taarifa hiyo iwe na mpangilio uleule kila mara, kwa sababu mtu aliyechoka husahau kipengele kisichokuwa na mahali pake. Mimi hupendelea kuanza na mpira, kisha muda, kisha faulo, kisha taimauti, kisha mshale wa zamu (unaoonyesha timu itakayopewa mpira ukishikwa na timu zote mbili), na kumalizia na jukumu la mtupo wa mwisho, yaani ni mwamuzi yupi ataamua kama ulitoka kabla ya honi, aliye nyuma ya mashambulizi au aliye mbele karibu na kapu. Kwa sauti huwa hivi:

"Njano wanaingiza, pembeni, palepale. Sekunde arobaini na moja. Njano faulo tatu, buluu nne. Taimauti njano moja, buluu hawana. Mshale buluu. Mtupo wa mwisho ni wa aliye nyuma."

Mwenzake asiitikie "sawa" tu. Arudie kile kitakachobadilisha uamuzi unaofuata: "Buluu nne, kwa hiyo inayofuata ni mitupo miwili. Mshale buluu." Kurudia huko ndiko kunakothibitisha kwamba taarifa imefika, na ndiko kunakofichua kosa ikiwa mmoja alikuwa na hesabu tofauti. Hesabu zikitofautiana, msibishane wawili. Nendeni kwenye karatasi ya alama, msomewe na mtunza alama aliyeiandika, kisha mrudi. Kanuni inajulikana: timu ikishafikisha faulo nne katika robo, faulo ya tano na zinazofuata za walinzi wake huleta mitupo huru miwili. Lakini hesabu yenyewe ndiyo inayopotea katika vurugu. Kumpa mchezaji mpira wa pembeni badala ya mitupo huru, zikiwa zimebaki sekunde nane na tofauti ni pointi moja, ni kosa ambalo jiji zima litalizungumza.

Taarifa hii hairudiwi yote kila saa inaposimama. Baada ya mara ya kwanza, semeni kilichobadilika tu. Sekunde kumi za mwisho zinapokaribia ndipo ya kwanza irudiwe kamili, kwa sauti ya chini na bila haraka, hata kama uwanja wote unapiga kelele mpira uanze. Mwamuzi mwenye mpira mkononi ndiye mwenye uwanja. Asiutoe mpaka amepata macho ya mwenzake na dole gumba la meza.

Taimauti na mahali pa kuanzia

Katika nusu ya pili ya mchezo (robo ya tatu na ya nne) kila timu ina taimauti tatu, lakini zisizidi mbili zinazotumika saa ikiwa imeonyesha 2:00 au chini ya hapo katika robo ya nne. Timu ambayo haijatumia hata moja hadi wakati huo hupoteza moja, na mtunza alama huchora mistari miwili ya mlalo kwenye kisanduku cha kwanza cha timu hiyo. Meza inajua hilo, ila kocha anaweza kuwa amesahau na mwamuzi pia, na ndipo kocha anapoomba taimauti ya tatu akiamini anayo. Dawa yake ni mwamuzi aliye karibu na meza kuuliza mara tu 2:00 inapopita, kisha kumpa kila kocha idadi aliyobakiwa nayo kwa kumtazama: "Kocha, unazo mbili." Amwambie mwenzake pia kwa vidole.

Mtego mwingine ni wa timu iliyofunga. Saa ikiwa chini ya 2:00, kapu likiingia, saa husimama, na kocha wa timu iliyofunga anapoona saa imesimama huruka kuomba taimauti ili apange ulinzi. Haruhusiwi, isipokuwa mwamuzi awe amesimamisha mchezo kwa sababu nyingine au wapinzani wamechukua taimauti yao. Wanaoweza kuomba wakati huo ni waliofungwa. Meza ikipiga honi kwa kocha asiye na haki, waliofungwa wananyimwa nafasi ya kuingiza mpira haraka, na nafasi hiyo hairudi. Kwa hiyo jambo hili lizungumzwe na meza kabla ya mchezo, na likumbushwe kwa ishara katika dakika ya mwisho.

Wanaodhani kwamba mambo ya meza ni madogo waikumbuke fainali ya Olimpiki ya Munich, Septemba 1972, kati ya Marekani na Umoja wa Kisovyeti. Doug Collins alifunga mitupo huru miwili zikiwa zimebaki sekunde tatu na Marekani ikawa mbele 50–49. Benchi la Wasovyeti lilidai kwamba liliomba taimauti, honi ya meza ikalia katikati ya mitupo, na mchezo ukasimamishwa ikiwa imebaki sekunde moja. William Jones, aliyekuwa katibu mkuu wa FIBA, akashuka na kuelekeza sekunde tatu zirudishwe. Mpira ukaingizwa tena kabla saa haijawekwa sawasawa, honi ikalia, Wamarekani wakashangilia, kisha ikaamuliwa warudie. Mara hiyo Ivan Edeshko akarusha pasi ndefu kwa Alexander Belov, naye akafunga. Matokeo yakawa 51–50. Renato Righetto wa Brazil, mmoja wa waamuzi, alikataa kutia saini karatasi ya alama, na Wamarekani hawakuzipokea medali zao za fedha. Lolote mtu atakalosema kuhusu haki ya matokeo hayo, mwamuzi alitoa mpira hai mara mbili bila yeye na meza kuwa na habari moja: mara ya kwanza kuhusu ombi la taimauti, mara ya pili kuhusu saa. Dole gumba moja lililosubiriwa lingezuia jambo la pili lisitokee.

Taimauti ikishatolewa, waamuzi wana dakika moja, na meza hupiga honi ya onyo baada ya sekunde 50. Sekunde 20 za kwanza ziwe za waamuzi wenyewe. Kisha mmoja aende mezani kuhakikisha saa zote mbili, na mwingine abaki mahali ambapo mpira utaanzia. Timu yenye haki ya mpira ikiwa nusu yake yenyewe, na ndiyo iliyochukua taimauti, kocha ana hiari ya kuanzia palepale au kwenye mstari wa kuingizia mpira ulio nusu ya wapinzani, upande unaotazamana na meza, mita 8.325 kutoka ndani ya mstari wa mwisho. Muulize kwa ufupi, "Kocha, mbele au nyuma?" na ukishapata jibu, onyesha mahali kwa mkono mbele ya benchi zote mbili, ili kocha wa pili asije akasema alipanga ulinzi kwa jambo jingine. Hapo hapo mwendesha saa ya sekunde 24 aambiwe, kwani kocha akichagua mbele saa hiyo haiwekwi zaidi ya sekunde 14. Katika viwanja vingi vyetu mstari huo haujachorwa. Upimeni kabla ya mchezo na kuuweka kwa chaki, maana kuukadiria kwa macho zikiwa zimebaki sekunde sita ni kukaribisha ugomvi.

Mpira unapoingizwa

Hapa ndipo waamuzi wawili wanapohitaji kugawana kazi kwa uwazi kuliko sehemu nyingine yoyote. Anayetoa mpira ana kazi ya mwingizaji, mlinzi wake, sekunde tano, na saa kuanza. Mwenzake ana wale wengine wanane, hasa wanaovutana na kuzuiana kabla mpira haujaondoka.

Kabla ya kutoa mpira, saa ikiwa 2:00 au chini, mwamuzi amwonyeshe mlinzi wa mwingizaji ishara ya kutovuka mstari. Ishara hiyo ndiyo onyo lenyewe. Mlinzi akipitisha mkono au sehemu yoyote ya mwili juu ya mstari ili kuzuia uingizaji, adhabu ni faulo ya kiufundi bila onyo jingine. Mwamuzi wa pili aione ishara ikitolewa, kwa sababu kocha akija kulalamika kwamba mchezaji wake hakuonywa, shahidi ni yeye. Kuhusu faulo ya mlinzi uwanjani wakati mpira bado uko nje mikononi mwa mwamuzi au mwingizaji, kanuni zilizoanza tarehe 1 Oktoba 2022 zinataka mtupo huru mmoja, na timu iliyochezewa faulo irudishiwe mpira. Zamani kosa hilo lilihesabiwa kuwa faulo isiyo ya kiuanamichezo, na bado wapo makocha, hata waamuzi, wanaolitaja kwa jina hilo na kudai mitupo miwili. Aliyepiga filimbi amwambie mwenzake jambo moja kabla ya kwenda mezani: mpira ulikuwa bado haujatoka, au ulishatoka. Neno hilo moja ndilo linaloamua adhabu.

Saa huanza mpira unapoguswa kihalali na mchezaji aliye uwanjani. Mwamuzi hushusha mkono wake wakati huohuo, na mtunza muda hutazama mkono huo. Kwa sababu hiyo mkono uinuliwe juu kabisa, usiwe umefichwa na wachezaji. Na hapa ndipo sekunde 0.3 zinapoingia: mchezaji anahitaji angalau muda huo ili aupokee mpira na kuurusha. Ikiwa saa inaonyesha 0.2 au 0.1, kapu halali litatokana na kuugonga mpira kwa mkono au kuudanki tu. Msiliache hili mpaka litokee. Waamuzi waambiane, kisha mwamuzi mkuu awaambie makocha wote wawili kabla ya uingizaji: "Nukta mbili. Ni kugonga tu." Kocha aliyeambiwa mapema hana la kusema kapu linapokataliwa.

Filimbi mbili kwa tukio moja

Waamuzi wote wawili wakipiga filimbi, kila mmoja abaki na mkono juu bila kuonyesha upande wala aina ya kosa, na wote watafutane kwa macho. Asiye na eneo hilo ashushe mkono na kumwachia mwenzake. Kosa la kawaida ni haraka: mmoja anaonyesha faulo ya mshambuliaji, mwingine ya mlinzi, na benchi zote mbili zimeshaona. Kama yule asiye na eneo aliona jambo lililotangulia, kwa mfano mchezaji alitembea na mpira kabla ya kugongwa, asogee karibu na kusema mpangilio wa matukio: "Miguu kwanza, kisha mgongano." Wakati huo saa ya mchezo imesimama. Hakuna anayewakimbiza.

Mtupo wa mwisho

Kwa waamuzi wawili, aliye nyuma ndiye mwenye jukumu la saa na mtupo wa mwisho wa robo. Ndiye pia anayeangalia kuingiliwa kwa mpira unaoshuka kuelekea kapu. Aliye mbele, karibu na kapu, ana kazi ya migongano na ribaundi. Mgawanyo huu ni mwepesi pale timu inaposhambulia kwa kawaida. Unakuwa mgumu pale mpira unapoingizwa kutoka mstari wa mwisho zikiwa zimebaki sekunde mbili, mwamuzi wa nyuma akiwa ndiye anayetoa mpira, na pasi ikaruka uwanja mzima. Mrushaji sasa yuko mita 20 na zaidi kutoka kwa mwenye jukumu, lakini yuko karibu na aliye mbele. Hili lazima lizungumzwe kabla, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Pasi ikiwa ndefu, uamuzi bado ni wangu, ila wewe shika picha ya mkono na mpira, nitakutazama." Aliye mbele asionyeshe ishara yoyote ya kukubali au kukataa kapu mpaka atazamwe. Akionyesha kabla, na mwenye jukumu akaonyesha kinyume, hakuna maelezo yatakayowatosheleza watazamaji.

Kanuni ya mtupo inaeleweka: mpira ukiwa umeondoka mkononi kabla ya honi, kapu linahesabiwa. Katika viwanja vyenye taa nyekundu kuzunguka ubao, taa ndiyo yenye neno la mwisho kuliko sauti. Pale pasipo na taa, mwamuzi atazame mkono wa mrushaji na asikilize honi, asijaribu kutazama mpira ukielekea kapuni. Mpira ukiwa hewani hauna tena habari ya kumpa. Akiwa na uhakika, atoe uamuzi papo hapo kwa ishara kubwa: kuhesabu, au kufuta kwa mikono inayopishana mbele ya kifua. Mguu wa mrushaji kwenye mstari wa pointi tatu huangaliwa na mwenye eneo hilo, naye ainue vidole vitatu mpira unapoondoka.

Akiwa hana uhakika, apige filimbi, ainue mkono, na wote wawili wakutane katikati, mbali na benchi, wachezaji wakielekezwa kwenye benchi zao. Ubora wa mazungumzo haya hutegemea swali la kwanza. Usiulize, "Lilikuwa zuri?" kwa sababu swali hilo humlazimisha mwenzako atoe hukumu. Uliza, "Umeona nini?" na yeye ajibu kwa kile alichokiona na kukisikia tu: "Mpira ulikuwa bado umegusa vidole honi ilipolia," au, "Nilikuwa natazama mgongano, mkono sikuuona." Jibu la pili ni jibu la heshima na lisionewe aibu. Kama bado kuna shaka, mwamuzi mkuu awaulize watu wa meza, mmoja mmoja, swali lilelile. Mtunza muda hasa, kwa kuwa alikuwa na kidole kwenye saa. Kisha mwamuzi mkuu aamue. Kanuni inampa uamuzi wa mwisho pale waamuzi wanapotofautiana, na hapo hapo inakataza mwamuzi yeyote kutengua uamuzi wa mwenzake uliotolewa ndani ya mipaka ya kazi yake. Hayo mawili hayapingani: kuleta habari ni wajibu wa kila mmoja, na kuigeuza habari kuwa uamuzi ni kazi ya mwenye jukumu, na ya mwamuzi mkuu pale palipo na tofauti.

Baada ya uamuzi kutolewa, sauti iwe moja. Makocha waelezwe na mwamuzi mkuu, wote wawili ikiwezekana kwa wakati mmoja, kwa sentensi fupi inayotaja tukio: "Honi ililia mpira ukiwa mkononi. Kapu halipo." Mwamuzi wa pili asimame karibu, asikilize, asiongeze neno. Kocha akimfuata pembeni na kumuuliza, "Mwanangu, wewe hukuona?" ajibu kwa adabu kwamba maelezo yameshatolewa na mwamuzi mkuu. Nyongeza yake, hata ya nia njema, itageuzwa kuwa ushahidi kwamba waamuzi hawakukubaliana.

Faulo iliyotokea kabla tu ya saa kuisha ina hatari yake: mitupo huru itapigwa hata kama saa inaonyesha sifuri. Wachezaji na mashabiki wakishaingia uwanjani, kuwarudisha ni kazi. Kwa hiyo aliyeona faulo abaki na ngumi juu palepale alipo, na mwenzake, ambaye hana la kuripoti, aende moja kwa moja kati ya wachezaji na watazamaji na kutangaza kwa sauti kwamba mchezo haujaisha.

Alama zikiwa sawa, kuna mapumziko ya dakika mbili kabla ya dakika tano za nyongeza. Waamuzi wapeane tena ile taarifa ya mwanzo, kwa sababu faulo za timu za robo ya nne zinaendelea kuhesabiwa, mshale unabaki ulipo, kila timu ina taimauti moja mpya na zile za zamani hazihamishwi. Mchezo ukiwa umeisha, mwamuzi wa pili asome alama kwa sauti kutoka kwenye karatasi huku mwamuzi mkuu akizihakiki robo kwa robo. Watu wa meza watie saini, kisha mwamuzi wa pili, na mwamuzi mkuu awe wa mwisho, kwa kuwa saini yake ndiyo inayofunga mamlaka ya waamuzi juu ya mchezo huo, na hesabu iliyokosewa haiwezi tena kurekebishwa na wao.